Vijidudu vyenye mbawa kwenye shina la mti: namna ya kujua kama ni nyigu, na ni nyigu gani

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, alinigongea geti saa moja asubuhi akiwa na bomba la dawa mgongoni. Nikamwamkia, akaitika juu juu maana alikuwa na haraka zake, anataka nimshikie ngazi apulizie mkuyu ulioko nyuma ya kwake karibu na kijito, eti shina lote limeingiwa na wadudu na anaogopa watahamia kwenye mwembe. Nikamwambia baba, ngoja kwanza tukawaone hao wadudu wenyewe, dawa haikimbii. Tukaenda. Na kweli bwana, shina lile na makuyu yaliyobanana juu yake yalikuwa yamejaa vijidudu vyenye mbawa zinazometa, vingi havizidi punje ya ulezi, vinapanda vinashuka, vingine vimeganda kwenye kuyu utadhani vimegundishwa. Sasa kilichonichekesha ni kwamba wale hawakuwa wanakula mti wala nini, wale ndo wanaoupa ule mti mbegu, yaani alikuwa anataka kuua wakunga wa mkuyu wake kwa pesa yake mwenyewe.

Toka hapo nimeulizwa na watu kadhaa, kila mmoja na picha yake ya giza giza, "mkuu hivi hiki ni kidudu gani kiko kwenye mti wangu". So wacha niandike mara moja. Mi sio mtaalamu wa maabara, ni mtu wa kuchungulia miti tu miaka mingi hapa Morogoro, kwa hiyo nitakupa njia ya mtu mwenye simu na macho mawili.

Tuanze na jina maana hapo ndo watu wanakwama. Sisi tukisema nyigu tunamaanisha yule wa kwenye paa anayekung'ata sikio, au dondora wa kujenga vinyumba vya udongo ukutani. Ukimwambia mtu kwamba kitu chenye urefu wa milimita mbili nacho ni nyigu anakuona umechanganyikiwa. Lakini ukihesabu aina kwa aina, hawa wadogo ndo wengi kuliko hao wakubwa wote tunaowakimbia, na karibu wote kazi yao ni kutaga mayai ndani au juu ya wadudu wengine, au ndani ya mmea. Sindano unayoiona nyuma ya tumbo lake ni ya kutagia, haina habari na wewe.

Ni nyigu kweli?

Nusu ya picha ninazotumiwa sio nyigu kabisa. Kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta majina, waondoe hawa kwanza.

Inzi. Kuna vijinzi vidogo sana vinakaa kwenye magome hasa pale penye utomvu uliochacha. Inzi ana mbawa mbili tu, macho yamejaa kichwa chote, na antena zake fupi mpaka unaweza usizione. Akitulia anapangusa mikono kama mtu anayesubiri pilau ya harusini. Nyigu ana mbawa nne, ila za nyuma ni ndogo na zimeshikizwa kwenye za mbele kwa vindoano, so kwa macho ya kawaida utaona kama mbili vilevile, usihesabu mbawa ukaamua hapo hapo. Angalia antena. Nyigu antena zake hazitulii, anagonga gonga gome muda wote kama fundi anayegonga ukuta kutafuta bomba limepita wapi. Hiyo tabia ukishaijua mara moja unamtambua hata ukiwa umesimama hatua mbili.

Sisimizi wenye mbawa. Hapa hata mi niliaibika, mara ya kwanza nilipiga picha nzuri nikajitapa kwa watu nimempata nyigu wa aina yake, kumbe dume la sisimizi. Tofauti iko kiunoni: sisimizi kwenye kiuno ana kifundo kimoja au viwili, kama vile mtu kafunga fundo kwenye kamba, nyigu hana hivyo vifundo, kiuno chake ni chembamba tu au hakionekani kabisa. Antena zilizokunjika kama kiwiko zisikudanganye, hata nyigu wengi wadogo wanazo. Halafu sisimizi wa mbawa wanatoka kwa mkupuo baada ya mvua, kesho yake huwaoni. Kumbikumbi nao watu wananiletea lakini yule hana ubishi, mbawa zote nne sawa kwa urefu na zinapita mbali nyuma ya mwili, kiuno nene, antena zimenyooka kama shanga.

Nyuki wadogo, wale wasiouma. Huyu ndo wa kuwa makini naye zaidi ya wote, kwa sababu anakaa ndani ya shina lenyewe na wengine ni wadogo kweli, milimita tatu nne hivi, weusi, na ukisogea wanakuja machoni na masikioni wanakera. Mtu anaona kundi la vidudu vyeusi linazunguka tundu kwenye mti anasema nyigu, anamwaga dawa au mafuta ya taa. Angalia tundu: kama kuna kamrija ka nta na utomvu kamechomoza nje, na kwenye mlango kuna walinzi wamejipanga, na wanaorudi wana vibonge vya chavua kwenye miguu ya nyuma, hao ni nyuki. Na asali ya nyuki wadogo bei yake unaijua. Weka dawa chini.

Vifaa

Huhitaji vingi. Simu, karatasi nyeupe, vichupa viwili vitatu vya dawa vilivyooshwa, brashi laini ya rangi za watoto, na kama unaweza lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, zile za masonara au zile za kubana kwenye kamera ya simu. Kama huna lenzi, weka tone dogo la maji safi kwenye kioo cha kamera kwa uangalifu halafu igeuze taratibu, litakukuzia vizuri tu japo pembeni panakuwa na ukungu, na usije ukaniambia nimekuharibia simu.

Usipige picha moja moja, rekodi video halafu baadaye usimamishe pale ambapo kadudu kametulia, maana kwa mkono unaotetemeka utapiga picha hamsini zote zina ukungu. Pata upande wa juu, upande wa ubavuni, na uso kama inawezekana. Ubavuni ndo muhimu kuliko zote, kiuno na sindano vinaonekana hapo. Na weka kipimo kwenye picha, mi natumia njiti ya kiberiti ambayo unene wake ni kama milimita mbili, ukiona nyigu mzima ni mfupi kuliko unene wa njiti umeshajua uko kwenye dunia ya wadogo kweli kweli.

Asiyetulia unamfukuzia kwenye kichupa kwa brashi, unaweka kichupa kwenye friza dakika kumi, anapoa, unammwaga kwenye karatasi nyeupe unampiga picha. Wengi wakipata joto wanaamka wanaondoka zao.

Kuna watu wanaweka sahani ya njano yenye maji na matone ya sabuni chini ya mti, rangi ya njano inawavuta, jioni unakuta wamejaa. Inafanya kazi lakini kwa swali letu mi siipendi, sababu inaita wadudu wa mtaa mzima, utajuaje huyu alikuwa kwenye shina na huyu alikuwa kwenye mchicha wa jirani?

Angalia anafanya nini kabla ya kuangalia rangi

Hili ningependa ulishike kuliko mengine yote. Rangi zinadanganya, wengi ni weusi, wengine kahawia, wengine kijani cha kumeta, na dume na jike wa aina moja wanaweza wasifanane hata kidogo. Lakini nyigu mdogo hakai kwenye shina bure bure. Anatafuta kitu. Simama hapo dakika kumi na tano, jua halijawa kali, uone anatafuta nini na wapi, na mti wenyewe ni mti gani. Hapo utakuwa umeshapunguza majibu kutoka maelfu mpaka machache.

Nianze na mkuyu maana ndo darasa bora, na karibu kila mto una mkuyu. Nazungumzia mkuyu ule wenyewe, Ficus sycomorus, ule aliopanda Zakayo kule Yeriko, na hata jina la Wakikuyu linatokana nao. Huu mti unazaa makuyu moja kwa moja kwenye shina na matawi manene, ndo maana nyigu wake unawakuta usawa wa macho. Na kuyu usilione kama tunda la kawaida, ni mfuko uliofungwa wenye maua madogo mengi sana ndani, na mlango wake ni kale katundu kwenye ncha, mi nakaita kitovu, kamezibwa na vigamba vilivyopandana.

Ukiona nyigu mweusi au wa kahawia, milimita mbili hivi, anajisukuma kichwa mbele kwenye kitovu cha kuyu changa, huyo ni jike anaingia kutaga. Vigamba vinambana mpaka mbawa zinakatika. Hii ndo alama yangu ninayoipenda, chungulia kitovu kwa lenzi utakuta vipande vya mbawa vimenasa pale kama mkia wa kanga kwenye mlango wa daladala. Mwenyewe yuko ndani, hatoki tena, atachavusha maua, atataga kwenye baadhi yake, atafia humo. Jina lake Ceratosolen arabicus, na chavua haibebi kwa bahati mbaya kama nyuki anayejipaka, ana mifuko maalumu kifuani, anaijaza mwenyewe kabla ya kutoka kwenye kuyu alilozaliwa. Anaye ndugu yake Ceratosolen galili, naye anaingia vilevile kwa kitovu, anataga vilevile, ila chavua haleti. Mdandiaji. Hao wawili kuwatenganisha kwa picha ya simu sahau, andika Ceratosolen ishia hapo, hakuna atakayekucheka.

Ukiona mwingine hana habari na kitovu, amesimama ubavuni mwa kuyu, ana mkia mwembamba mrefu kama unywele, ameinua tumbo juu halafu anaushusha ule mkia unazama kwenye ngozi ya kuyu, huyo anatoboa kutoka nje. Mmojawapo ni Apocrypta longitarsus, na ukipata bahati ya kumwona kwa lenzi utaona mapingili ya tumbo lake yanafunguka moja kutoka ndani ya lingine kama antena ya redio ya mbao. Huyu mtoto wake analelewa kwa gharama ya watoto wa wenzie walioko ndani. Wa aina hii wako kadhaa kwenye mkuyu mmoja, kwa hiyo ukikuta mikia ya urefu tofauti usishangae. Ila wanakuwa wanalengwa na majimoto, wale sisimizi wekundu wa kushona majani, kwa sababu wako nje wamesimama wamezamisha sindano, hawawezi kuondoka haraka. Nimekaa nikaangalia sinema hiyo mpaka chai ikapoa.

Halafu kuna siku unakuta kuyu limeanza kulainika na lina matundu, na vidudu vinatoka kama watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi. Wenye mbawa ni majike wapya wameshabeba chavua. Na wale wenye rangi ya asali, hawana mbawa, wanatambaa hovyo kama funza wenye miguu na wengi wanadondoka chini, usiwaandike kama viwavi, wale ndo waume. Wanazaliwa kwanza, wanawapanda majike wakiwa bado hawajatoka kwenye vyumba vyao, wanachimba njia ya kutokea, basi maisha yameisha hapo. Jike naye hana muda, siku moja mbili tu awe amepata mti mwingine wenye makuyu machanga. Na usimdharau kwa udogo, kule Namibia kwenye jangwa kando ya mto Ugab watafiti walipima wakakuta chavua ya mikuyu inasafirishwa na nyigu hawa umbali wa kilomita 160 hivi, upepo ukiwabeba, utafiti huo ulitoka 2009. Kule Misri ndo kituko, mti upo ila huyu mchavushaji hayupo, watu toka enzi za Mafarao wanachanja kuyu moja moja kwa kisu ili liive.

Haya, tuache mkuyu, ningeweza kuandika mpaka kesho.

Mti unaokufa au uliotobolewa, labda mwembe mzee au mkorosho, una vitundu na unga wa mbao unamwagika. Humo ndani kuna funza wa mende wa magome. Nyigu utakayemkuta hapo mara nyingi ana antena ndefu nyembamba zilizonyooka na mkia wa kutagia unaoonekana vizuri, anatembea, anagonga, anasimama, anarudi nyuma kidogo, halafu anakunja mwili na kuchomeka sindano kupitia gome mpaka kwa funza asiyemwona. Hao wengi ni wa familia ya Braconidae. Kama badala ya kuchoma gome anaingia mwilini mzima kwenye tundu la zamani la mende, na amebeba kibuibui, huyo ni wa kundi lingine, kina Trypoxylon, wembamba weusi, wanapanga buibui chumbani kama akiba ya mtoto halafu wanaziba mlango kwa udongo. Tundu lililozibwa udongo kwenye shina jibu lake mara nyingi ni hilo.

Ukikuta mayai yamepangwa kama vipipa kwenye gome, hayo mara nyingi ya kunguni wa mimea, wale wanaonuka ukiwagusa. Juu yake anaweza kuwepo nyigu mweusi wa milimita moja tu, ametulia, ukimsogelea hakimbii sana. Huyo anataga yai ndani ya yai, ni kina Trissolcus na Telenomus, na baadhi yao wakimaliza wanakaa kuyalinda. Hata ukifika umechelewa bado unaweza kujua, yai lililotoka mtoto wa kunguni linafunguka kifuniko kama sufuria, lililotoka nyigu lina tundu lililotafunwa na kingo zake sio safi.

Mpapai. Hapa watu wa pwani mtanielewa, ule ugonjwa wa vidudu vyeupe kama unga vinavyojaa kwenye shina na chini ya mapapai. Chunguza kama katikati ya unga kuna vinyigu vidogo vya njano njano vinavyokimbia na kuruka, kimojawapo kinachojulikana sana kwa kazi hiyo ni Acerophagus papayae. Na angalia vile vyeupe vyenyewe, kama kuna vilivyovimba vikawa vigumu vya kahawia na vina tundu la duara, hao walishaliwa kwa ndani, rafiki zako wako kazini, ukipuliza dawa sasa unaua polisi unawaacha wezi. Hii sio hadithi ya kijiweni. Mihogo ya Afrika ilishaokolewa namna hii, kuna mdudu wa unga wa aina hiyo alitoka Amerika Kusini akaangamiza mihogo miaka ya 1970, wakaenda kumtafuta nyigu wake kule Paraguay, Anagyrus lopezi, wakaanza kumwachia Nigeria 1981, na bwana aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 1995, wakati huo akiwa mkuu wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi.

Mikaratusi nitapita haraka. Ukikuta mikaratusi michanga ina vijivimbe kwenye vikonyo na mishipa ya majani, na nyigu wa kahawia iliyoiva anayemeta bluu na kijani, milimita moja na kidogo, huyo ni Leptocybe invasa kutoka Australia, alionekana Kenya na Uganda 2002. Huyu kweli ni mharibifu. Lakini anahusika na machipukizi, kwenye shina nene amepumzika tu.

Na kama gome lina utando mwembamba na vijidudu laini vya kahawia vinatembea kwa kundi kama kondoo, hao wanakula kuvu na ukungu wa gome, hawana shida. Wana nyigu wao wa mayai wa familia ya Mymaridae, ambaye kwa macho matupu ni vumbi linalotembea. Dume la mmoja wao, Dicopomorpha echmepterygis, aliyeelezwa 1997 kutoka Illinois Marekani, ana urefu wa milimita 0.139, hana mbawa hana macho, ndo mdudu mzima mdogo kuliko wote wanaojulikana. Huyo simu yako haitamwona, nimemtaja kwa sababu nikikaa kimya naumia.

Ukishamtuliza kwenye karatasi

Sasa ndo unaangalia mwili. Bawa la mbele: kama halina mishipa isipokuwa mmoja unaofuata ukingo wa mbele, na antena zimekunjika kiwiko, na mwili mara nyingi una mng'ao wa chuma, uko kwenye kundi kubwa la Chalcidoidea, humo ndimo walimo wa mkuyu, wa mpapai na wa mikaratusi. Kama bawa lina mishipa mingi na vyumba, na doa jeusi kwenye ukingo wa mbele, na antena ndefu zisizokunjika, nenda kwa Braconidae au ndugu zao Ichneumonidae. Mweusi usiong'aa, antena zimeotea chini kabisa karibu na mdomo, ubavu wa tumbo una kingo kali, ni wale wa mayai ya kunguni. Anaruka kama kiroboto ukimgusa na mguu wa kati umenenepa, ni Encyrtidae, wapenzi wa vidudu vya unga. Mbawa kama kasia lenye nywele ndefu pembeni, Mymaridae. Na kuna mmoja sio mdogo sana, milimita saba hivi, mweusi, katumbo kake kadogo kamebanwa pembeni na kanapigapiga juu chini kama bendera, huyo unamkuta hata chooni kwako, ni Evania, anawinda mayai ya mende wale wa nyumbani, mwache aishi miaka mia.

Wa kuogopa ni wachache. Kuna jike lisilo na mbawa, lina manyoya kama mahameli, jekundu na jeusi na madoa meupe, linatembea kama sisimizi mkubwa aliyevaa kwa ajili ya sherehe. Familia ya Mutillidae. Usimshike hata kwa dau, sindano yake sio ya utani. Na vile vinyigu bapa vinavyofanana na sisimizi, Bethylidae, navyo vinaweza kuchoma kidogo vikibanwa kwenye nguo. Wabrazil wanamjua mmoja wao wanamwita nyigu wa Uganda, walimchukua huko 1929 awinde mdudu anayetoboa buni zao.

Kama hawaonekani, wazalishe

Njia ya uhakika kuliko kukimbizana nao shinani. Chuma makuyu matano sita yaliyoanza kulainika lakini bado hayana tundu. Yenye tundu umechelewa, magumu ya kijani kibichi bado. Weka kwenye chupa ya kioo kavu, funika kwa kitambaa laini kama cha kuchujia tui, funga na mpira. Chandarua hapana, niliweka chandarua mara ya kwanza asubuhi nikakuta wamejaa dirishani na mke wangu ananiangalia bila kusema neno. Kwa kawaida ndani ya siku moja mbili wanaanza kutoka, geuza upande mmoja wa chupa kwenye mwanga wote watajikusanya huko. Kipande cha gome au tawi lenye vitundu vya mende unafanya vilevile ila weka kwenye kasha na uwe na subira, inaweza kuchukua wiki nyingi, na mayai ya kunguni unakata kale kagome unaweka kwenye kichupa. Uzuri wake ni kwamba unajua kwa hakika nani katoka wapi, hakuna kubahatisha.

Unaotaka kuwatunza waweke kwenye spiriti, na kikaratasi cha maelezo kiwe humo humo ndani kimeandikwa kwa penseli. Penseli, sio peni. Wino wa peni unayeyuka na utabaki na kichupa cha wadudu wasio na kwao, mi ninavyo vitatu hivyo mpaka leo nimeshindwa kuvitupa.

Ukifika kuomba msaada, iwe kwa kuweka picha iNaturalist, ule mtandao ambapo watu husaidiana kutambua viumbe, au kwa kuwapelekea watu wa wadudu pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, au Makumbusho ya Taifa kule Nairobi, usiandike "mdudu wa kwenye mti, msaada tafadhali". Andika mti gani, tarehe, eneo, usawa gani wa shina, urefu kwa milimita, na alikuwa anafanya nini. Ukijibiwa familia tu bila jina kamili chukua, kwa hawa wadogo hilo ni jibu zuri. Lebo ya kile kichupa cha kwa jirani inasomeka hivi: Morogoro, mkuyu kando ya kijito, shina, mita 1.5 kutoka chini, saa 1:20 asubuhi, mm 2, anajisukuma kwenye kitovu, bawa moja limebaki nje.